Taa ya Baisikeli Si ya Mwenye Baisikeli

Muhula uliopita nilifika shuleni kuwaamkia walimu wangu wa zamani, nikakaa hata usiku ukaingia. Saa mbili na nusu kengele ya masomo ya jioni ikalia, na wanafunzi wanaolala kwao wakatoka na baisikeli zao. Nilisimama langoni nikawahesabu. Zilipita baisikeli kumi na tisa, na zenye taa zilikuwa mbili tu. Wavulana watatu walishika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili, na nuru ya simu ikipiga huku na huku, mara mitini, mara mbinguni. Waliosalia walitoweka gizani kama popo.

Nilimwuliza mmoja wao, "Kijana, taa yako iko wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee, taa ya nini? Njia hii naijua hata nikifumba macho."

Sikumkemea, kwani jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha tatu katika shule hii hii. Leo nataka kueleza katika gazeti letu kwa nini jibu hilo ni kosa. Walionifundisha ni wawili: mzee mmoja wa kijijini kwetu, na taa moja kuukuu ya mafuta iliyokuwa katika kabati la maabara.

Usiku mmoja usio na mwezi nilikuwa nateremka kilima kilicho kati ya shule na soko, mbio sana, bila taa. Njia niliiona vizuri, maana ule weupe wa mchanga katikati ya nyasi ulinitosha. Mzee huyo alikuwa akipanda kilima kwa miguu, amevaa koti jeusi. Nilimgonga kabla sijajua kuna mtu. Mfupa wa mkono wake wa kuume ulivunjika karibu na kiganja. Baadaye uliunga, lakini uliunga kombo, na tangu siku ile hakuweza tena kushika jembe kwa nguvu zake zote. Mama alinichukua kwenda kuomba radhi, na kuku mkononi. Mzee alitupokea vizuri, akaniambia maneno haya: "Mjukuu wangu, najua ya kuwa wewe uliiona njia. Lakini mimi sikukuona wewe."

Mwalimu wetu wa fizikia alipopata habari hakunipiga. Alifungua kabati akatoa taa ya baisikeli ya zamani sana, imejaa kutu na masizi, akasema, "Isafishe, uifungue, kisha uje uniambie kila tundu lake na kila kioo chake ni cha nini." Kazi ile ilinichukua majuma mawili.

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, yaenea katika viganja viwili. Chini palikuwa na kisanduku cha mafuta, na juu ya kisanduku utambi bapa, na kando gurudumu dogo la kupandisha na kushusha utambi bila kuifungua taa. Nyuma ya mwali palikuwa na bamba la kung'aa la kurudisha nuru, mbele kioo kinene kilichovimba, na juu dohani fupi yenye kofia. Nyuma kabisa palikuwa na mkono wa chuma wenye springi, wa kuifunga taa mbele ya usukani.

Nilianza na matundu. Moto wahitaji hewa, lakini hauupendi upepo, na baisikeli ikienda mbio hujitengenezea upepo wake yenyewe. Basi mafundi walitoboa matundu madogo madogo upande wa chini, wakaweka bamba ndani yake, hewa ipite kwa kuzunguka, isiupige mwali uso kwa uso. Hewa ya moto nayo ilitokea juu, chini ya ile kofia, ili upepo usishuke kwa dohani. Mtu akiziba matundu yale kwa uvivu wa kusafisha, taa hutoa moshi, kioo hugeuka cheusi, na safari huishia gizani.

Halafu nikatazama mafuta. Ndani ya kisanduku nilikuta pamba kuukuu imeshindiliwa. Nilidhani ni takataka, nikataka kuitupa, lakini mwalimu akanizuia. Pamba ile ilinyonya mafuta na kuyashika, yasirukeruke njiani wala kumwagika juu ya mwali. Mafuta mazito ya mbegu au ya wanyama yalitumika zamani, lakini hayapandi utambini kwa wepesi. Mafuta ya taa hupanda upesi, ila ni mepesi mno, hupenya kila ufa na kunuka. Pamba ilisaidia kuyatuliza.

Ile springi niliielewa baada ya kusoma historia ya baisikeli zenyewe. Katika miaka ya 1870 Waingereza walipanda baisikeli zenye gurudumu kubwa mno la mbele, pengine kimo chake mita moja na nusu, na gurudumu dogo nyuma. Mpandaji alikaa juu kabisa, na taa ilitundikwa ndani ya gurudumu lile kubwa, kwenye mhimili, katikati ya njiti. Mhimili ule ulizunguka pamoja na gurudumu, kwa sababu pedali zilifungwa juu yake. Kwa hiyo taa ilifanywa na sehemu ya juu iliyofunguka kama taya, ikaushika mhimili bila kuubana, na uzito wake wenyewe ukaifanya ining'inie wima huku mhimili ukizunguka. Ilikuwa akili kubwa, na hatari kubwa pia, kwani taa ikinaswa na njiti, gurudumu husimama na mpandaji hurushwa kichwa mbele.

Aliyejulikana sana kwa taa hizo ni Joseph Lucas wa Birmingham. Mtu huyu alianza maisha kwa kuuza mafuta ya taa mitaani kwa mkokoteni. Baadaye karakana yake ilitengeneza taa za meli, na karibu na mwaka 1879 akatoa taa ya baisikeli aliyoiita King of the Road, yaani Mfalme wa Barabara.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baisikeli iitwayo Rover, yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, mfano wa hizi tunazopanda hata leo. Taa ikahamia mbele ya usukani. Lakini mipira ya magurudumu ilikuwa migumu isiyo na upepo ndani, maana ile ya kujazwa upepo ilianza mwaka 1888 kwa kazi ya John Boyd Dunlop kule Belfast. Kila jiwe la njiani lilipiga mwali kama kofi. Ndipo mafundi wakaweka mikono miwili ya chuma sambamba, na springi kati yake. Baisikeli ikiruka, taa hupanda na kushuka bila kuinama, mafuta hayamwagiki, na nuru haielekei pengine. Tazama jinsi jambo dogo lilivyofikiriwa.

Kilichonishinda ni vioo viwili vidogo vilivyokuwa ubavuni, chekundu upande wa kushoto na cha kijani upande wa kulia. Nilikwenda kwa mwalimu nikasema, "Hivi ni mapambo tu." Akacheka, akaniambia niijaze mafuta, niiwashe, niende uwanjani usiku pamoja na rafiki yangu.

Tulifanya hivyo. Nilisimama kwenye goli moja nikiwa na taa mkononi, na rafiki yangu akaenda kwenye goli la pili. Kwa kweli nilivunjika moyo. Nuru yake ilikuwa kama ya mishumaa michache, na nyasi nilizoweza kuziona zilikuwa za hatua tatu au nne tu mbele yangu. Nilipaza sauti, "Taa hii haifai kitu!" Lakini rafiki yangu akajibu kutoka goli la mbali, "Mimi nakuona!" Akaanza kuja kwangu. Alipofika katikati ya uwanja nikageuka ubavu, naye akapiga kelele, "Kijani! Unakwenda kulia kwangu!" Nikageuka upande wa pili, akasema, "Nyekundu!" Kumbe vioo vile vilikuwa kama taa za meli, nyekundu kushoto na kijani kulia, ili mtu aliye gizani ajue si kwamba kuna chombo tu, bali pia chombo kinaelekea wapi.

Usiku ule nilielewa maneno ya yule mzee. Mimi niliyeishika taa nilipata faida ndogo. Faida kubwa ilikuwa ya yule aliyesimama mbali.

Tena jambo hili halikuwa siri yangu. Katika Uingereza sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1888 iliagiza kila mpanda baisikeli awe na taa, tangu saa moja baada ya jua kutua mpaka saa moja kabla ya jua kuchomoza. Sheria haikusema taa imwonyeshe mpandaji mashimo. Ilitaka taa itoe nuru mbele na kutosha kuwajulisha watu ya kuwa baisikeli yaja, na mahali ilipo. Mashimo ni shauri lako, lakini mtu aliye njiani ni haki yake kujua unakuja.

Najua wako watakaonipinga, na hoja yao si ya kipuuzi. Huko huko Uingereza palikuwa na ubishi mrefu juu ya taa nyekundu ya nyuma. Chama cha wapanda baisikeli, kilichoanzishwa mwaka 1878, kiliipinga taa hiyo. Walisema, mwenye gari ndiye mwenye nguvu, basi yeye ndiye apaswaye kutazama mbele yake na kwenda kwa mwendo unaomwezesha kusimama. Kwa nini mzigo wote atwikwe mnyonge? Mwaka 1927 sheria ilikubali kioo chekundu cha kurudisha nuru badala ya taa ya nyuma, na hatimaye, mwaka 1945, taa ya nyuma ikawa lazima.

Hoja ile mimi naikubali nusu. Ni kweli ya kuwa mwenye nguvu ndiye wa kwanza kuwajibika. Lakini hebu tujiulize, juu ya njia zetu za vijijini, mwenye nguvu ni nani? Saa mbili na nusu ya usiku, kati ya shule na soko, magari ni machache. Walioko ni mama aliyebeba kuni, mtoto aliyetumwa chumvi, mzee atokaye kwa jirani. Sisi tunaolalamika lori likija na taa moja, kwa watu hao sisi ndio lori. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wengine watasema taa ni ghali. Siku hizi taa ndogo ya betri hununuliwa dukani kwa fedha tunayoimaliza kwa soda na maandazi katika siku chache. Asiyeweza kuinunua, na apate tochi ndogo aifunge kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tyubu. Hilo la kushika simu mkononi silikubali. Mkono ulioshika simu haushiki breki, na nuru yenyewe haitulii. Mafundi wale wa zamani walihangaika na springi na mikono sambamba ili nuru ielekee mahali pamoja, na sisi tunairusha ovyo kama mtu afukuzaye nzi.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, viranja wa lango wasiruhusu baisikeli kutoka baada ya masomo ya jioni isipokuwa ina taa iliyofungwa na kuwaka. La pili, wanafunzi wa fizikia wafanye jaribio lile la uwanjani kila mwaka na wanafunzi wapya, mmoja goli hili na mmoja goli lile, kwani nusu saa ya jaribio yashinda hotuba kumi. La tatu ni letu sisi tuliosoma hapa zamani. Katika mkutano wetu ujao tuchange taa, na kila mmoja alete mbili, ili asiwepo mwanafunzi wa kusema alikosa kwa umaskini. Mimi nimekwisha leta zangu, ziko kwa mwalimu wa zamu.

Yule mzee sasa ni marehemu. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikipita kwake usiku kwa baisikeli, alikuwa akiniita kutoka barazani kabla sijapiga kengele, "Pita salama, mjukuu wangu, nimekuona." Nawatakia wasomaji wote wa gazeti hili waitwe hivyo njiani.