Kenya: Ustahimilivu wa madaktari wanagenzi na urefu wa zamu

Vyuo vya udaktari katika nchi nyingi vimeanza kuwafundisha wanafunzi kutuliza akili: kuketi kimya, kufuatisha pumzi, kuitambua hofu bila kuikimbia. Mafunzo hayo yametokana kwa kiasi kikubwa na kozi ya wiki nane iliyoasisiwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani. Yeye aliwalenga wagonjwa wenye maumivu sugu, si madaktari.

Yana faida. Mwanafunzi anayefiwa na mgonjwa wake wa kwanza huhitaji namna ya kuubeba msiba huo, na hakuna mshahara unaoweza kumwondolea. Lakini yaliyotokea Kenya yanaonyesha mipaka yake.

Nchini humo mwanafunzi husoma miaka sita, kisha hutumikia mwaka mmoja hospitalini akiwa daktari mwanagenzi. Bila mwaka huo hapati usajili kamili, kwa hiyo zamu ikirefuka atakesha, na posho ikichelewa atakopa. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali chama cha madaktari, KMPDU, kilidai takriban 206,000 kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 2017. Madaktari waligoma siku 56, na waliporejea kazini mwezi Mei suala la wanagenzi lilikuwa bado linaning'inia. Septemba, kifo cha mwanagenzi mmoja aliyejitoa uhai kiliamsha upya mjadala wa zamu ndefu na dhiki ya fedha. Makubaliano ya kuwalipa kwa kiwango cha mkataba yalipatikana Desemba.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, halikuuhesabu uchovu wa kupindukia wa kazini kuwa ugonjwa, bali hali inayozaliwa na kazi yenyewe. Basi kumpeleka mwanagenzi aliyekesha akafundishwe kuvuta pumzi, huku ratiba ya zamu ikibaki vilevile, ni kumtwika yeye wajibu wa mwajiri.

Palikuwa pia na kizuizi cha sheria. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Mwanafunzi aliyenusurika angeweza kufikishwa mahakamani kabla ya kufikishwa kwa mshauri nasaha.