Haibridi Kwenye Tope: Nani Atashika Usukani?

Mwezi huu naingilia ugomvi wa watu. Mume yuko mgodini Geita, mke ana kazi yake Shinyanga mjini, na kila mwisho wa mwezi anayefunga safari ni mke, mtoto kiti cha nyuma. Baba kaagiza haibridi kutoka Japan, yale magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, eti itabana mafuta. Mama kagoma. Anasema mvua zikianza, kigari hicho hakimfikishi. Wakaniletea kesi mimi.

Baba ana hoja. Toyota walianza kuuza Prius huko Japan mwaka 1997, kwa hiyo hii siyo teknolojia ya kubahatisha. Ila faida yake kubwa iko kwenye foleni za simama-nenda, maana ukipunguza mwendo mota inarudisha chaji kwenye betri. Sasa foleni ya Shinyanga iko wapi, jamani? Kwenye lami ndefu ya kupitia Tinde kwenda Kahama unafuu upo, lakini si ule wa mjini Dar.

Mama naye hadekezi nafsi. Kati ya Novemba na Aprili, ukiacha lami kuelekea machimboni au kijijini kwa wakwe, unakutana na udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka linakuwa kama andazi. Hapo haibridi ina tabia zake, na Wajapani wa Hokkaido wanazijua kwa sababu ya theluji, ambayo nayo inalinyima tairi pa kushika. Mota ya umeme inatoa nguvu tangu gari likiwa limesimama, hivyo ukikanyaga mafuta kwa hasira tairi linazunguka bure. Kompyuta ikiona hivyo inakata nguvu. Unakanyaga, gari linakutazama tu! Zipo zenye kitufe cha kuzima ulinzi huo, zipo zisizo nacho. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Dawa yake ni kukanyaga kidogo kidogo, kama unabembeleza mtoto.

Halafu kuna suala la ukimya. Ukikwama, injini inaweza kujizima yenyewe. Fikiria mwanamke peke yake saa mbili usiku, gari kimya, anaamini limekufa. Halijafa. Taa ya READY ikiwaka kwenye dashibodi, liko hai. Wakati unasubiri msaada weka P, usiweke N, maana kwenye N betri kubwa haichajiwi huku taa na kiyoyozi vinaendelea kuila. Vijana wa kusukuma wakifika, wasiguse nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti. Na mtu asikuvute kwa kamba mwendo mrefu magurudumu ya mbele yakiwa chini. Unaweza kuharibu gia na mota kwa mpigo.

Kitu ambacho wote wawili hawakukijua ni matairi. Magari ya kaskazini mwa Japan mengine hutufikia na matairi ya theluji. Soma ubavuni: utakuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Watu wakiona yale meno wanadhani wamepata zali la matope. Mpira wake ni laini, umetengenezewa baridi. Kwenye lami ya jua la Shinyanga unalika upesi, na ukipiga breki gari linachelewa kusimama. Badilisheni. Mkiwa hapo hapo, chungulieni na uvunguni, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji inaleta kutu.

Kiangazi nako kuna vumbi. Betri kubwa inapozwa na hewa ya ndani ya gari, na kwenye nyingi tundu lake liko pembeni au chini ya kiti cha nyuma, pale pale mnaposhindilia gunia la mchele wa Kahama. Tundu lisizibwe, na chujio lisafishwe.

Hukumu yangu? Gari libaki, matairi yabadilishwe. Kabla mvua hazijaanza, waende safari moja wote wawili, mama kwenye usukani, baba akae pembeni na afunge mdomo. Na mwezi ambao mvua imekolea, baba ndiye apande basi aje Shinyanga.

Mama kakubali. Baba anasema anafikiria.