Kabla ya Kusaini na Wakala wa Malezi

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe, kulea mtoto usiyemzaa si habari ya kusimulia. Mtoto wa dada huletwa mjini kwa mjomba ili asome sekondari. Mjukuu hupelekwa kijijini akae na bibi, amchotee maji na amchangamshe. Yatima wa jirani hula sinia moja na watoto wa nyumba mpaka anapooa. Hakuna fomu inayojazwa. Ukoo unajua, mwenyekiti wa kijiji anajua, yametosha.

Waliohamia Uingereza na Marekani wamesafiri na desturi hiyo, lakini huko inakutana na sheria. Anayelea kimya kimya anaweza kujikuta anahojiwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Anayepita mlangoni kwa ofisi hiyo hiyo, akaomba kuwa mlezi wa kambo, yaani mtu anayelea mtoto wa mwingine kwa idhini ya ofisi, anaweza kukabidhiwa mtoto ambaye halmashauri nzima inahangaika kumtafutia nyumba. Jarida hili linawahimiza wahamiaji hao wapite mlangoni, na wamchunguze wakala wa malezi kama ukoo unavyoichunguza posa.

Watoto wenyewe wapo. Kufikia tarehe 31 Machi 2024, England peke yake ilikuwa na watoto zaidi ya 83,000 walio chini ya uangalizi wa halmashauri, na takriban theluthi mbili yao waliishi na walezi wa kambo. Zaidi ya 7,000 walikuwa wameingia nchini peke yao kuomba hifadhi, wengi wakitoka Sudan, Eritrea, Afghanistan na Iran. Mtoto wa namna hiyo hufika akiwa na miaka 15 au 16. Amevuka jangwa na bahari, na hakuna anayemfahamu katika mji aliopelekwa.

Jumuiya hii ya watu wa Handeni na Korogwe haihitaji kufundishwa maana ya kupokelewa. Wazigua waliosombwa hadi pwani ya Somalia katika karne ya 19, wengi wao baada ya ukame mkubwa wa miaka ya 1830, waliishi kando ya mto Juba na kuwarithisha wana wao Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, wengine walikimbilia Kenya. Wengine walirudi kwenye nchi ya mababu: walipokelewa katika kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo. Mwaka huo huo ndege zilianza kuwachukua waliokuwa Kenya na kuwapeleka Marekani, takriban watu 12,000 kwa jumla, na leo Kizigua kinasikika katika miji kama Lewiston, jimbo la Maine.

Sheria ya England inastahili kusomwa taratibu, kwa sababu inaugusa ukoo moja kwa moja. Mtoto aliye chini ya miaka 16 (au 18 kama ana ulemavu) akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri lazima ipewe taarifa. Taarifa hiyo hutolewa wiki sita kabla ya mtoto kufika. Akiwa amekwisha kufika, hutolewa ndani ya saa 48. Ndugu wa karibu wanaotambuliwa ni babu na bibi, kaka na dada, mjomba, ami, shangazi, mama mdogo au mkubwa, na wazazi wa kambo. Uzigua na Usambaa, binamu wa mama ni mjomba kamili, na shangazi wa baba ni bibi. Kwa sheria hii, wote wawili wako nje ya orodha.

Ukali huo una historia ya damu. Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast, alikabidhiwa kwa shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Alifariki London mwezi Februari 2000 akiwa na miaka 8, baada ya kuteswa na shangazi huyo na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Wazazi walikuwa wamefanya kile ambacho wazazi wengi wa Afrika hufanya: kumpa ndugu mwenye uwezo mtoto ili apate elimu. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 kuhusu kifo hicho ilitaja nafasi 12 ambazo maofisa walikuwa nazo za kumwokoa, na zote zikapotea.

Miaka michache kabla ya hapo, mtoto mwingine wa Afrika alipata bahati tofauti katika jiji hilo hilo. Dunia inamjua kwa jina la Mo Farah, mshindi wa medali nne za dhahabu za Olimpiki. Mwezi Julai 2022 alisimulia kupitia BBC kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Hussein Abdi Kahin, na kwamba aliletwa Uingereza kutoka Djibouti akiwa na miaka kama 9, kwa hati ya mtoto mwingine, kisha akafanywa mtumishi wa ndani. Alipoanza shule alimweleza ukweli mwalimu wake wa michezo, Alan Watkinson. Mwalimu aliita ustawi wa jamii, na mtoto akahamishiwa kwa mama Msomali, mzazi wa rafiki yake. Aliishi hapo miaka saba. Mama huyo hakuwa na mali ya kupindukia. Alikuwa na nafasi nyumbani, alizungumza lugha ya mtoto, na alikubali kushirikiana na ofisi.

Mshairi Lemn Sissay naye anastahili kukumbukwa kila mara maofisa wanapoona kwamba lugha na asili ya mtoto ni mambo madogo. Alizaliwa England mwaka 1967. Mama yake, mwanafunzi kutoka Ethiopia, aliomba mtoto atunzwe kwa muda tu wakati yeye akimaliza masomo. Badala yake mtoto alibandikwa jina la Norman, akapewa familia ya kizungu huko Lancashire iliyoambiwa kwamba mtoto ni wao moja kwa moja, na alipofika miaka 12 familia hiyo ikamrudisha. Alimalizia utoto katika makao ya watoto. Ni alipokaribia utu uzima ndipo alipolijua jina lake halisi na kugundua kwamba mama yake alikuwa ameandika barua kuomba mtoto arudishwe. Halmashauri ya Wigan, iliyokuwa na dhamana juu yake, ilimwomba radhi mwaka 2018.

Basi anayetaka kupita mlangoni aanzie wapi? Masharti ya England si ya matajiri. Mwombaji anaweza kuwa mpangaji, mjane, mseja au mwenye ajira, mradi ana ruhusa ya kuishi nchini na muda wa kutosha. Mawakala wengi hutaka awe na miaka 21 au zaidi. Chumba ni sharti zito zaidi, kwa kuwa mtoto aliyezidi miaka mitatu hutarajiwa kuwa na chumba chake. Kwa kawaida mlezi hapewi zaidi ya watoto watatu, isipokuwa wakiwa wa tumbo moja. Halafu huja uchunguzi: rekodi za polisi, vipimo vya afya, wadhamini, mafunzo, na afisa anayekuja nyumbani mara kwa mara kuuliza hata namna mwombaji mwenyewe alivyolelewa. Mwishoni jopo husikiliza na kutoa pendekezo. Yote hayo huchukua miezi kadhaa, na aliyewahi kuishi nje anaweza kuombwa cheti cha polisi cha huko, kwa hiyo ni vizuri kukifuatilia mapema.

Mwombaji husajiliwa na wakala mmoja tu kwa wakati mmoja, ndiyo maana uchaguzi una uzito. Njia ni mbili: halmashauri ya eneo lake, au wakala binafsi. Halmashauri ndiyo yenye dhamana ya kisheria juu ya mtoto, na kwa kawaida huwatazama kwanza walezi wake yenyewe kabla ya kugonga kwa mawakala. Mawakala binafsi mara nyingi hulipa zaidi na huahidi msaada wa karibu zaidi, ila wapo wa hisani na wapo wa biashara. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza soko hilo na kueleza mwezi Machi 2022 kwamba makampuni makubwa ya malezi ya kambo yalikuwa yakipata faida ya uendeshaji ya wastani wa asilimia 19.4. Scotland hairuhusu mawakala wa kutafuta faida katika malezi ya kambo, na Wales ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuwaondoa hatua kwa hatua. Faida peke yake haimfanyi wakala kuwa mbaya, lakini mwombaji ana haki ya kujua pesa za mtoto zinaishia wapi.

Ofsted, mkaguzi wa serikali, huchapisha ripoti ya kila wakala wa England, na mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Isomwe kabla ya mkutano wa kwanza, hasa kurasa zinazoeleza walezi wanasemaje.

Mkutanoni, maswali yawe ya mambo ya kawaida kabisa. Saa nane za usiku mtoto akitoroka, nani atapokea simu: afisa anayemjua, au kituo cha simu cha mji mwingine? Afisa mmoja anasimamia familia ngapi, na walibadilika mara ngapi mwaka uliopita? Mlezi akichoka au akifiwa Tanzania, nani atakaa na mtoto? Nyumba ikikaa miezi miwili bila mtoto, malipo yanasimama? Watoto wa mlezi mwenyewe wanasaidiwa vipi? Mtoto wa Kiislamu akipelekwa kwa familia ya Kikristo, au kinyume chake, ibada na chakula vinapangwaje? Na mtoto atabaki vipi na jina lake, lugha yake na mawasiliano na ndugu zake? Wakala anayelijibu hili la mwisho kwa maneno ya brosha hajajiandaa. Aombwe pia kuwakutanisha waombaji na walezi wawili watatu alio nao, bila afisa kuwapo.

Kuhusu pesa, haya yasemwe wazi. Posho ni ya mtoto. Kiwango cha chini cha taifa kwa England mwaka 2025/26 kilikuwa kati ya pauni 170 na 299 kwa wiki, kutegemea umri wa mtoto na mahali, na kuna mawakala wanaoongeza ujira wa mlezi juu yake. Atakayeingia kwa hesabu ya kodi ya nyumba ataumia, kwani mtoto anaweza kuhamishwa kwa taarifa ya siku chache.

Jambo jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini ni fimbo. Mlezi wa kambo wa England haruhusiwi kumpiga mtoto hata kofi moja, na hakuna hoja ya mila inayosikilizwa. Mwenye shaka juu ya hili amalize kwanza mashaka yake, ndipo aombe.

Wengine husita kwa sababu ya dini, wakidhani malezi ya kambo humpokonya mtoto nasaba yake. Hiyo ni hofu ya kuasili. Katika malezi ya kambo mtoto hubaki na jina la baba yake, na wazazi huendelea kuwa wazazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala ya Kiislamu, yaani ulezi usiobadili nasaba ya mtoto, katika ibara ya 20, sambamba na malezi ya kambo.

Marekani, leseni hutolewa na jimbo, kwa hiyo taratibu za Maine si za Ohio. Kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2023 imeruhusu majimbo kuweka masharti mepesi zaidi kwa ndugu wanaolea ndugu, nafuu kubwa kwa familia zinazotaka kumchukua mtoto wa ukoo kabla hajapelekwa kwa wasiomjua. Mashirika ya dini yamefanya kazi hii miaka mingi. Lopez Lomong, mvulana wa Sudan aliyekulia kambi ya Kakuma miaka kumi, alipokelewa mwaka 2001 na familia ya Tully, jimbo la New York. Mwaka 2008 aliibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing.

Nyumbani Tanzania nako kuna utaratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa halmashauri jukumu la kulinda watoto wa maeneo yao, na kanuni za malezi ya kambo zilitungwa mwaka 2012. Hakuna soko la mawakala wa kuchagua: maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii, na taarifa za mtoto anayeteswa hupokelewa kwa simu namba 116. Waliochukua pasipoti ya nchi nyingine wakumbuke kwamba Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, hivyo katika kuasili wanahesabiwa wageni. Sheria ya 2009 ilimtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo kwa miezi isiyopungua mitatu chini ya uangalizi wa ofisa. Tikiti ya likizo ya Desemba haitoshi kurudi na mtoto.

Kwa anayeanza wiki hii, hatua ya kwanza haina gharama. Apige simu kwa halmashauri ya anakoishi na kwa mawakala wawili, awaulize wote watatu maswali yale yale, na ayaandike majibu yao kwenye karatasi moja kabla ya kumkubali afisa yeyote aje kukagua nyumba.