Bei ya Ndovu na Mzigo wa Punda

Katika nchi ya Cheptais, Kaunti ya Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon ielekeayo mpaka wa Uganda, ambako mashamba ya mahindi, viazi na vitunguu yamepanda juu hata yakagusana na msitu, wapo wanyama wawili ambao mwanadamu amewapa daraja zisizokaribiana: ndovu, ambaye serikali imemwekea askari, mipaka na vitisho vya sheria, na punda, ambaye hakuwekewa kitu ila mzigo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya iliyotungwa mwaka 2013 ilimtishia muuaji wa mnyama aliye hatarini kutoweka kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Ilhali ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, yaani Sura ya 360, ambayo tunayo tangu mwanzo wa miaka ya 1960, humtoza mwenye kumtesa mnyama au kumpakia kupita kiasi faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Sidai kwamba adhabu hizo zilingane, kwa kuwa kuangamiza jinsi nzima ya kiumbe ni msiba usio na tiba. Ninachodai ni kwamba umbali uliopo baina ya milioni 20 na elfu tatu wafichua mizani tunayoitumia kimyakimya, ambayo kwayo rehema yetu kwa mnyama hufuata bei yake. Na kwamba bei, kwa ushahidi wa ndovu na wa punda pia, ni mlinzi mbaya kuliko walinzi wote.

Na tuanze na ndovu. Upande wa Kitale, katika pango la Kitum liingialo mlimani kadiri ya mita 200, ndovu wa Elgon wana desturi ambayo ni nadra mno kuonekana popote duniani: huingia usiku, mama na watoto wao, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza totoro, kisha huuchokoa mwamba kwa pembe zao na kuutafuna kwa ajili ya chumvi, ambayo mvua nyingi za mlima huo zimeikosesha mimea ya juu. Wenyeji nao, vizazi kwa vizazi, walikaa katika mapango ya Elgon pamoja na ng'ombe wao, na chumvi hiyo hiyo ikawafaa mifugo. Lakini pembe ile iliyompa ndovu chumvi ilikuwa na thamani nyingine katika masoko ya mbali, na katika miaka ya 1980 majangili waliwaandama ndovu hao hata wakabaki wachache. Kenya nzima, iliyokadiriwa kuwa na ndovu zaidi ya laki moja mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na takriban elfu 16 tu ilipofika 1989. Mwaka huo Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na baada ya miezi michache mataifa yakaafikiana kuipiga marufuku biashara ya pembe. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280. Walioongezeka hivyo waliongezeka baada ya pembe kunyimwa soko la halali, jambo ambalo laiti tungelizingatia tusingekuwa wepesi wa kumtetea kila mnyama kwa hesabu ya faida.

Sasa tumtazame punda. Huyu ndiye apandaye pale ambapo lori limekwama katika tope, abebaye viazi, mahindi, kuni na maji, na mara nyingi hurudi nyumbani na kidonda mgongoni kilichochimbwa na kamba isiyotandikiwa hata gunia. Wahenga walimsingizia kwamba fadhila zake ni mateke, lakini asimamaye siku ya soko akatazama ataona mateke na fimbo zikitoka upande wa pili. Nasi twajivunia msemo mwingine, kwamba heri punda afe mradi mzigo ufike, tukausema hata katika hotuba za siasa, kana kwamba kufa kwa mtumishi mwaminifu ni ishara ya bidii ya bwana wake.

Kisha, baada ya karne za kudharauliwa, punda naye akapata bei. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, na ngozi zao zikasafirishwa hadi China kupikwa dawa iitwayo ejiao. Wezi wakaingia vijijini usiku, na wanawake waliotegemea punda kuteka maji wakaamka na kukuta kamba tupu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaliondoa katazo mwaka uliofuata, na mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaamua biashara ya ngozi za punda ikome barani kote. Basi bei haikumpandisha punda cheo. Ilimpeleka kisuni, kama ilivyompeleka ndovu kwenye bunduki.

Najua litakaloulizwa: ni insafu gani kuwahimiza rehema kwa wanyama watu wa Mlima Elgon, ambao kati ya 2006 na 2008 waliona damu ya binadamu ikimwagwa kwa ajili ya ardhi, na ambao hata leo ndovu akishuka usiku humaliza mahindi yao ya mwaka mzima? Swali hili ni la haki, na sehemu ya jawabu ni kukiri kwamba hifadhi imekuwa ikiwadhulumu. Sheria ile ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa jamaa za aliyeuawa na mnyama, pamoja na fidia ya mimea, lakini malipo yamezoea kuchelewa kwa miaka. Waogiek wa Chepkitale, jamii ya huko huko mlimani, waliojiwekea kanuni za maandishi za kukataza ujangili na uchomaji wa makaa, waliondolewa katika makao yao kwa jina la hifadhi, mpaka mahakama ya ardhi ya Bungoma ilipoamua mwaka 2022 kwamba nchi ile ni yao. Rehema ipimwayo kwa bei humsahau mnyama asiye na soko, na kwa kipimo hicho hicho humsahau maskini aishiye jirani na mnyama mwenye soko.

Dini zetu hazikungoja soko. Taurati ilimkataza mkulima kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka, na Waislamu tangu utotoni hufundishwa habari za aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mbwa yule hakuwa na thamani yoyote kwa aliyemnywesha. Alikuwa na kiu, basi, na kiu hiyo ikatosha kuwa hoja.

Kwa hiyo serikali ya Kaunti ya Bungoma na iweke katika kila soko la mlimani birika la maji ya wanyama, itangaze kiasi cha mzigo kisichopitwa, na imlete daktari wa mifugo siku ya soko. Bunge na liipandishe faini ya Sura ya 360 ifikie kadiri ya kutisha, na Nairobi ilipe fidia za ndovu kwa wakati, maana hakuna mkulima atakayempenda mgeni alaye bila kulipiwa. Lakini mwenye punda asiwangoje hao wote. Gunia lililoshindiliwa majani makavu likatandikwa mgongoni, mzigo uliopunguzwa, maji kabla ya safari na siku moja ya kupumzika kila juma havihitaji mfadhili wala sheria mpya, na atakayeshindwa hata na hayo hana haki ya kumlaumu jangili.