Modemu Haikuwa Imeharibika, Ilikuwa Inamngoja Marehemu

Wasee, wiki jana faiwali yangu iliaga dunia. Kwa wale wageni hapa: faiwali ni kama soja wa geti, kila kitu kinachoingia na kutoka kwa intaneti ya nyumba kinapita kwake kwanza. Yangu niliunda mwenyewe kwa kompyuta kuukuu, nikaiongezea kadi ya pili ya mtandao kutoka Luthuli Avenue, nikaiwekea pfSense. Miaka mitatu haijawahi kunisumbua. Halafu stima zikapotea, zikarudi na fujo, pawa saplai ikaungua. Hiyo ni saa moja jioni, na sistangu ana intavyuu ya kazi mtandaoni kesho yake saa tatu asubuhi.

Sikushtuka sana. Nilikuwa na kompyuta nyingine ndogo kabatini. Kufikia saa mbili unusu nilikuwa nimeiwekea OPNsense, waya mmoja kwa modemu ya kebo, mwingine kwa swichi ya nyumba. Taa za modemu zote ziko sawa. Intaneti? Wapi! Upande wa nje ulikataa kabisa kupata anwani ya IP.

Nikabadilisha waya. Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Mathe akapita akauliza, "Si ungeacha tu ile ruta walituletea?" Sistangu hakusema kitu, alikuwa anaangalia bei ya bando kwa simu. Hiyo kimya yake iliniuma kuliko maneno ya mathe.

Nikapigia watoa huduma. Baada ya muziki mrefu, jamaa akaniambia hawashughulikii vifaa ambavyo si vyao, lakini anaweza kutuma fundi baada ya siku mbili. Kwa malipo.

Na kumbe shida ilikuwa ndogo hivi. Kila kadi ya mtandao ina anwani ya MAC, herufi na tarakimu 12, kama nambari ya kitambulisho. Modemu nyingi za kebo zikiwaka hushika MAC ya kifaa cha kwanza kuongea nazo. Kama laini yako inaruhusu kifaa kimoja tu, kingine kikija kinaachwa mlangoni. Modemu yangu ilikuwa nzima kabisa, ila bado ilikuwa inamngoja marehemu.

Dawa: chomoa modemu kwa stima (kama ina betri ndani, toa pia). Ngoja dakika chache. Unganisha faiwali mpya, washa modemu, ngoja taa zitulie, ndio uwashe faiwali. Ikikataa bado, ingia kwa mipangilio ya WAN uandike MAC ya ile kadi ya zamani, modemu ijue ni yule yule. Mimi sikufika huko. Kuchomoa tu kulitosha. Saa tano kasoro, sistangu alikuwa anajaribu kamera yake.

Sasa kinachonikasirisha ni hiki. "Zima modemu, ngoja, washa tena" ni sentensi moja. Yule jamaa wa simu angeisema bure. Hata mtu aliyenunua ruta ya kawaida supamaketi anaweza kukwama hapo hapo, na yeye hajaunda chochote. Mbona tuuziwe fundi kwa jambo linaloweza kuandikwa kwa stika chini ya modemu?

Najua mtauliza, kwani lazima ujiundie? Si lazima. Lakini mwaka wa 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilivamia kamera na ruta kibao duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, zile za admin na admin ambazo watu hawabadilishi. Kwetu kuna kamera ya geti ya bei rahisi ambayo siiamini hata kidogo. Faiwali yangu inaitenga, haiwezi kugusa laptopu ya mtu. Hiyo siachi.

Lakini mathe alikuwa na pointi, na nilichukua siku mbili kukubali. Nyumba ya watu watano inategemea kitu ambacho mimi pekee naelewa. Ningekuwa chuoni hiyo jioni je? Ukiamua kuwa fundi wa nyumba, una deni kwa watu unaoishi nao, na mimi nilikuwa sijawahi kulilipa.

So nimeandika karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, nikabandika ukutani karibu na modemu: waya gani unaingia wapi, zima nini kwanza, ngoja muda gani. Ile ruta waliyotuletea nimebadilisha nywila, iko juu ya kabati kama spea. Na nimeandika kwa maandishi makubwa kwamba ukibadilisha kifaa, modemu LAZIMA izimwe kwanza.

Jumapili nilichomoa kila kitu makusudi nikampa mathe karatasi. Alinguruma kidogo. Dakika kumi na moja baadaye alikuwa YouTube, na aliniita mara moja tu, kuuliza "WAN" ni tundu gani. Hapo nimeweka selotepu nyekundu.

Sistangu bado anangoja majibu ya intavyuu.