Kipaji Hakipimwi kwa Ada

Tarehe 15 Agosti 2012, katika Uwanja wa Azteca jijini Mexico, timu ya taifa ya Marekani iliifunga Mexico 1-0. Kabla ya siku hiyo Marekani haikuwa imepata kushinda hata mara moja katika ardhi ya jirani yake huyo. Habari ya ushindi ilitangazwa kila mahali. Waliojishughulisha kutazama majina ya walioupata walikuwa wachache. Aliyefunga goli, Michael Orozco, alizaliwa California na wazazi wa asili ya Mexico. Edgar Castillo na José Torres, walioanza mchezo huo, ni wa asili hiyo hiyo. Na aliyeongoza mashambulizi alikuwa Hérculez Gómez, mchezaji wa Santos Laguna. Wote wanne walikuwa wakipata riziki yao katika ligi ya Mexico, nchi waliyokuja kuishinda, wala si katika ligi ya nchi waliyoivalia jezi.

Jambo hili si la sadfa. Leo tunapenda tulizungumze kwa kuitazama safari ya mmoja wao, Gómez, ambaye sasa amekwisha kustaafu. Tunamchagua yeye kwa kuwa maisha yake uwanjani yanatoa ushahidi juu ya dhuluma moja ambayo wengi wameizoea hata hawaioni tena.

Gómez alizaliwa Los Angeles tarehe 6 Aprili 1982, akakulia Las Vegas, mji unaojulikana zaidi kwa kamari kuliko kwa kandanda. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, njia kuu ya kijana kuufikia mpira wa kulipwa imepita katika vilabu vya watoto vinavyotoza ada, na baada ya hapo katika vyuo vikuu. Ada hizo, pamoja na gharama za safari na mashindano, mara nyingi hufikia maelfu ya dola kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mchezo ambao duniani kote mtoto hujifunza kwa chandimu, miguu mitupu, mpira wenyewe ukiwa ni matambara yaliyofungwa kamba, huko umegeuzwa kuwa bidhaa ya wenye nacho. Watoto wa asili ya Mexico, ambao mpira ni sehemu ya malezi yao nyumbani, mara nyingi hujikuta nje ya uzio, wakitazama.

Gómez hakupita njia hiyo ya vyuo. Alijaribu bahati yake Mexico akiwa kijana, akarudi, akahangaika katika timu ndogo, hata akajipatia nafasi Los Angeles Galaxy. Mwaka 2005 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Wazi la Marekani. Goli pekee la fainali ya kombe hilo, dhidi ya FC Dallas, lilifungwa na yeye. Mtu angedhani kwamba kuanzia hapo mlango ungekuwa wazi. La. Alihamishiwa Colorado, kisha Kansas City, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuonekana kuwa mchezaji wa kujazia orodha.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo wasomaji wetu wengi huenda hawalijui. Katika ligi hiyo mchezaji huandikishana mkataba na ligi yenyewe, wala si na klabu. Na kwa miaka mingi, hata mkataba wake ulipokwisha, hakuwa na ruhusa ya kujiendea katika klabu aipendayo ndani ya ligi hiyo hiyo. Haki juu yake zilibaki mikononi mwa wengine. Ni makubaliano ya mwaka 2015 tu yaliyolegeza kamba hiyo, tena kidogo, kwa wale waliokwisha kutumikia muda mrefu. Basi nchi inayoihubiria dunia nzima habari za soko huru ilikuwa na wafanyakazi wasiokuwa huru kuuza jasho lao wenyewe. Tunalisema hili bila chuki. Tunaliweka tu kwenye mizani.

Mwanzoni mwa 2010 Gómez alivuka mpaka, akajiunga na Puebla, klabu isiyokuwa miongoni mwa vigogo vya Mexico. Mara nyingi aliingia kutoka benchi. Hata hivyo muhula ulipokwisha alikuwa amefunga magoli 10, akilingana kileleni na Johan Fano wa Peru na Javier Hernández, kijana wa Guadalajara ambaye mwaka huo huo alichukuliwa na Manchester United. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kuongoza kwa magoli katika ligi kuu ya nchi ya kigeni. Mtu aliyekuwa hana thamani upande mmoja wa mpaka alikuwa, kwa miguu ile ile na katika miezi michache, mfungaji bora upande wa pili. Je, ni yeye aliyebadilika, au ni macho ya waliokuwa wakimtazama?

Miezi michache baadaye alikuwa Afrika ya Kusini, katika Kombe la kwanza la Dunia kuchezwa katika bara letu. Alianza katika mchezo wa Algeria, na aliingia katika muda wa nyongeza pale Rustenburg, tarehe 26 Juni 2010, siku ambayo Ghana iliwatoa Wamarekani 2-1 na sisi sote tukashangilia. Hatukujua wakati ule kwamba miongoni mwa tuliowashangilia kutoka alikuwamo mtu ambaye mkasa wake ungepaswa kutugusa.

Mwaka 2012 alitwaa ubingwa wa Mexico akiwa na Santos Laguna. Mwaka huo huo, katika mashindano ya klabu bingwa za ukanda wao, Santos iliziondoa Seattle na Toronto, timu mbili za ile ligi iliyomwachia aende. Seattle walipachikwa magoli 6-1. Mwezi Septemba, Marekani ikiwa imebanwa katika mchujo wa Kombe la Dunia, ni mpira wake wa adhabu ulioifunga Jamaica 1-0 mjini Columbus. Baada ya hapo alipatwa na maumivu ya goti, na mwaka 2014 hakwenda Brazil. Na ni nani waliokuja kumwajiri mwishoni mwa safari yake? Toronto mwaka 2015, na Seattle mwaka 2016. Mchagua nazi hupata koroma; naye aliyeitupa nazi nzuri huirudia ikiwa imekwisha kukauka.

Hatutaki tueleweke vibaya. Mexico nako si peponi. Mchezaji kama Gómez alipokewa pia kwa sababu sheria ya huko ilimhesabu kuwa mwananchi, hivyo hakuijazia klabu nafasi za wageni. Na vilabu vya huko navyo vilimhamisha huku na huko kama mzigo wa bandarini. Wala hatusemi kwamba kila asiyechaguliwa amedhulumiwa. Lakini tofauti moja haikanushiki: huko Puebla aliulizwa anaweza kufanya nini na mpira, na jibu lake lilihesabiwa.

Wapo watakaosema kwamba mkasa huu unathibitisha kinyume cha maneno yetu. Kwamba mwenye juhudi hafungiwi njia, na Gómez alifika. Hoja hii ni batili. Mtu mmoja aliyepenya dirishani si sababu ya kuuacha mlango umefungwa. Ushahidi wake ni mzito kwa sababu unatulazimisha kuwafikiria wale ambao hawakuwa na nauli ya kuvuka mpaka wala jamaa wa kuwapokea ng'ambo ya pili. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha magoli. Hasara yao hakuna aliyeihesabu, na kwa hiyo wenye kuisababisha hulala usingizi wakidhani haipo.

Baada ya kuacha kucheza, Gómez aliingia katika utangazaji wa michezo katika ESPN. Tunaona ni vyema mtu aliyeyaonja hayo akapewa kipaza sauti. Lakini kusema peke yake hakutoshi. Mwaka 2018 Marekani, Mexico na Canada zilikabidhiwa kwa pamoja Kombe la Dunia la 2026, na mabilioni ya fedha yakaanza kutajwa. Maoni yetu ni kwamba viwanja vikubwa na sherehe havitakuwa na maana kubwa iwapo mtoto wa mfanya kazi ataendelea kuulizwa mfuko wa baba yake kabla ya kuulizwa mguu wake. Ada iondolewe mlangoni, ndipo vipaji vipimwe. Haki hiyo ni ya kila mtoto, pande zote mbili za mpaka ule, na popote pengine ambako mpira unadunda.