Roboti Haina Wazimu, Uliza Namba Zake



Mwezi huu naongea juu ya roboti. Wazazi, msifunge gazeti, mtaona namna jambo hili linaingia mpaka ndani ya nyumba. Katika mwaka wa 2013 kule Kinshasa walisimamisha roboti kubwa za aluminiamu kwa kuongoza magari. Aliyeongoza kazi ile ni mama injinia wa nchi yetu, Thérèse Izay Kirongozi. Kijana akiona kitu kama kile, anataka kutengeneza cha kwake, hata kiwe kidogo sawa kiatu.

Ndivyo ilikuwa katika nyumba moja ya hapa Kolwezi. Yaya alikuwa anaandika programu katika ordinatere, mdogo wake alikuwa anaunga waya. Roboti yao ilipaswa kufuata mstari mweusi wa skochi juu ya kartoni nyeupe. Usiku, ndani ya nyumba, ilifuata vizuri, mama akapiga makofi. Asubuhi wakaitosha inje ili majirani waone. Ikaacha mstari, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye mbabula.

Yaya akakasirika mbele ya watu wote: “Ni weye! Uliunga waya mubaya!”

Mdogo akasema: “Hapana yaya, jana ilitembea.”

Yaya alitaka kung’oa waya zote, mama akamkataza. Siku mbili hawakusemezana, na kwenye masomo walikuwa wanangojewa na roboti yao mwisho wa juma. Kiisha akapita papa mmoja jirani, fundi wa umeme katika kiwanda cha shaba. Hakugusa waya hata moja. Akauliza tu: “Lile jicho linakuambia namba gani?”

“Namba gani, papa?”

“Basi unamushitaki mudogo wako na hauna ushuhuda.”

Ndugu msomaji, uelewe neno lile. Roboti ndogo kama ile iko na kibao cha Arduino, kilichoanza kutengenezwa Ivrea, Italia, katika mwaka wa 2005. Chini yake kuna jicho linalotuma mwangaza usioonekana na kupima ule unaorudi. Kibao kinageuza kipimo kile kuwa namba, toka 0 mpaka 1023. Programu inaangalia namba na kuamua: huku ni kweupe, huku ni kweusi. Lakini yote hayo yanapita ndani, kimya. Wewe unaona magurudumu tu, na juu ya magurudumu kila mtu anaweza kutunga hadithi yake. Ninyi mnaouza mawe mnajua uchungu wake: ikiwa muuzishi hakuonyeshwa namba ya teneri, anarudi kwake na manung’uniko, hata kama alilipwa sawasawa.

Dawa ni kuiambia roboti iseme namba zake. Unaweka Serial.begin(9600) mwanzo wa programu, na Serial.print pale unapotaka kujua, kiisha unaunga kable kwenye ordinatere na kusoma. Yaya alifanya hivyo. Mara ya kwanza namba zilishuka kama mvua, mbili mbili, hakujua ipi ni ya jicho la kuume na ipi ya kushoto. Ndiyo kosa la wote wanaoanza! Chapisha na jina pia: “kushoto 560, kuume 571”. Namba bila jina ni kama barua bila sahihi.

Wakaishika roboti mkononi, wakaiweka juu ya kweupe, kiisha juu ya kweusi, mdogo akaandika katika kaye. Ndani ya nyumba, kweupe 700, kweusi 200. Inje kwenye jua, kweupe 900, kweusi 560. Na katika programu yaya alikuwa ameandika kwamba kila kitu kinachopita 500 ni kweupe. Unaona sasa? Jua nalo lina ule mwangaza usioonekana, lilijaza jicho, na skochi nyeusi ikahesabiwa kuwa nyeupe. Waya zilikuwa nzima. Kama moja ingalikatika, namba ingalitangatanga bila sababu, ao ingalikwama mahali pamoja hata ukigeuza kartoni. Hii ilipanda na kushuka kila mara kama inavyopaswa.

Wakaweka mpaka mpya, 730, katikati ya 900 na 560, na kipande cha kartoni kuzunguka jicho ili lipate kivuli. Ikafuata mstari.

Vijana, kuna mitego mingine ambayo namba peke yake inaifunua. Roboti inatembea vizuri nusu dakika, kiisha inageuka kichaa. Chapisha saa yake, pengine utaona namba imekuwa ya kutoa, -32768. Katika Arduino Uno neno int halibebi zaidi ya 32767, na ukihesabu kwa sehemu ya elfu ya sekunde, inajaa baada ya sekunde 32 na kitu. Tumia unsigned long. Tena, ukigawanya 5 kwa 2 katika int utapata 2, ile nusu inatupwa bila kukuambia.

Lakini musichapishe kupita kiasi. Kwa mwendo wa 9600, kibao kinatuma karibu herufi 960 kwa sekunde, si zaidi. Ukijaza maneno katika kila mzunguko, roboti inangoja kumaliza kusema, na kona inapita. Chapisha mara tano kwa sekunde, inatosha. Kazi ikiisha usifute mistari ile, weka alama // mbele yake tu, siku moja utaihitaji.

Mnataka kujua juu ya wale ndugu wawili? Yaya alimaliza programu siku ya tano usiku. Akaenda kumwamsha mdogo wake, akamuonyesha kaye na namba zake, akasema: “Waya zako zilikuwa sawa. Niliongea vibaya mbele ya watu.” Mdogo akajibu kwamba atasamehe, lakini kesho kwenye masomo ni yeye atakayeishika roboti.